Picha ya Sikukuu

Kila mwaka Desemba ikifika katikati, ombi huwa ni lile lile. Mtu kafunga chuo au kapewa likizo, kajiunga bando la wiki, halafu anawauliza wenzake: nipeni muvi kali za kumalizia mwaka. Majibu huja na namba. Hii ina nane nukta mbili. Ile achana nayo, ina tano. Hakuna anayesimulia kisa na hakuna anayebisha, maana namba imekwisha kusema. Nayo imetokana na watu tusiowajua, kila mmoja kaiangalia picha hiyo kwake na kabonyeza alama yake peke yake.

Alama hizi hazina umri mkubwa. Tarehe 31 Julai 1928, mwandishi wa gazeti la New York Daily News, Irene Thirer, aliipa picha iitwayo The Port of Missing Girls nyota moja, na huyo ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuzipima filamu kwa nyota gazetini. Siku hiyo mji wa Unguja ulikuwa na jumba la sinema kwa miaka 7 tayari, na watu wake walikuwa wakizipima picha kwa namna nyingine kabisa. Hawakutumia nyota wala kalamu. Na kama kulikuwa na msimu ambao hukumu yao ilikuwa kali kuliko misimu yote, ni siku nne za sikukuu ya Idi.

Jumba hilo liliitwa Royal. Lilifunguliwa mwaka 1921 pale Vuga na mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, baada ya miaka ya kuonyesha picha kwenye mahema. Baadaye likaitwa Majestic, likaungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 likasimama jipya, la mistari iliyonyooka na kona za mviringo, mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania. Darajani palikuwa na Empire, na baada ya vita vya pili vya dunia ikaongezeka Sultana. Majumba matatu kwa mji mdogo kama ule si haba. Karibu yote ya pwani na bara yalikuwa mikononi mwa familia za Kihindi zilizozaliwa hapa hapa, wafanyabiashara waliokaa mlangoni wenyewe na kuwasalimia wateja kwa majina. Hapakuwa na sheria ya kumzuia mtu mlangoni kwa rangi yake, kama ilivyokuwa Afrika Kusini na Rhodesia. Kilichotenga ni bei ya kiti: mwenye chake alipanda juu, asiye nacho alikaa mbele karibu na pazia, shingo imepinda.

Sasa fikiria hesabu ya mwenye jumba. Mwezi wa Ramadhani biashara inalala. Watu wako kwenye futari, kwenye tarawehe, kwenye kutembeleana, na wengine wanaona haya kuonekana mlangoni pa sinema mwezi ule. Halafu mwezi unaandama, na kwa usiku mmoja mji mzima unageuka. Kila mtu ana nguo mpya. Watoto wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua mkono wa Idi, na hizo ndizo fedha pekee katika mwaka mzima ambazo mtoto anazitumia bila kuulizwa. Zinaishia wapi? Nyingine kwenye viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja, kwenye bembea na vitamutamu. Nyingine zinavuka barabara, maana kutoka Mnazi Mmoja mpaka Vuga ni hatua chache tu. Kijana aliyepata ajira ya kwanza bandarini naye ana la kuonyesha. Mume aliyeahidi tangu Rajabu hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo picha nzuri haikuonyeshwa ovyo. Iliwekwa. Mwenye jumba aliikodi mapema, akaificha kama mtu anavyoficha mbuzi wa harusi, akabandika tangazo ukutani mwezi mzima ili watu wafunge wakiliangalia. Na mwenzake wa Darajani alifanya vivyo hivyo. Usiku wa Idi mosi wawili hawa waliingia mashindanoni, na mwamuzi alikuwa mji.

Mwamuzi huyo alikuwa na vipimo vyake. Cha kwanza kilikuwa mlangoni. Watu wa onyesho la kwanza wakitoka, watu wa onyesho la pili wako nje wanasubiri, na wote wanajuana. Swali ni moja: ikoje? Hapo jibu halikuwa maneno mengi. Mtu akitoka anafuta macho, au anaimba, au anamwigiza adui alivyoanguka, kazi imekwisha. Akitoka anaulizia kahawa, picha imeshakufa, na mwenye jumba aliyesimama pale pale kwenye ngazi amekwisha kuliona kaburi lake.

Kipimo cha pili kilikuwa cha walanguzi. Siku za sikukuu tiketi zilinunuliwa kwa mafungu na vijana wajanja, kisha zikauzwa nje kwa bei ya juu. Wenye mamlaka waliona ni uhuni, na ulikuwa uhuni kweli. Lakini tazama jinsi bei ile ilivyofanya kazi. Picha ikisifiwa, tiketi inapanda kabla jua la Idi pili halijatua. Picha ikiponzwa, mlanguzi anaonekana anahangaika kuuza kwa bei ya dirishani, na hata chini ya hapo. Mimi sijaona kipimo cha filamu chenye ukweli kuliko hicho. Anayebonyeza nyota nane hatoi kitu mfukoni. Yule alitoa fedha ya mkono wa Idi, na ilikuwa moja tu.

Halafu kulikuwa na kelele. Majumba ya pwani hayakuwa mahali pa kunyamaza. Watu walipiga miluzi, walimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, waliimba pamoja na waimbaji nyimbo za Kihindi ambazo maneno yake hawakuyajua yote. Picha hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili. Aliyekua jirani na Wahindi, au aliyefanya kazi dukani kwao, aliwatafsiria waliokaa karibu naye, na waliokaa mbali walijitungia. Jumba likinyamaza katikati ya picha, kulikuwa na mambo mawili tu: ama watu wanalia, ama wamechoka. Mwendesha mtambo aliweza kuyatofautisha bila kuchungulia.

Na wanawake walikuwa na onyesho lao. Kwenye majumba ya Unguja palitengwa nyakati za wanawake peke yao, ambapo mabuibui yalijaa mpaka ngazini na mwanamume hakukanyaga. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yao ya kutoka. Picha waliyoiona mchana ule ilisimuliwa usiku kwa mama mkwe, kwa wagonjwa, kwa waliozuiwa, na msimulizi hodari aliweza kuifanya ndefu kuliko ilivyokuwa. Picha nyingi za sikukuu zilihukumiwa na watu ambao hawakuziona.

Ubishi wenyewe ulihamia barazani, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu pasipo baraza yote niliyoyasema yangebaki habari ya biashara.

Chukua Awara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Hakimu mmoja anaamini kwamba mtoto wa mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Jambazi aliyeonewa na hukumu hiyo anamteka mke wake kwa muda, anamrudisha, na hakimu kwa shaka anamfukuza mke akiwa na mimba. Mtoto anakulia mtaani, anafundishwa wizi na jambazi yule yule, na siku moja anasimama kizimbani, mbele ya baba asiyemjua, akitetewa na mwanasheria kijana, Rita, ambaye ndiye mpenzi wake. Hakimu aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, na watu walilijua hilo, wakaona utamu umezidi.

Hapa kwetu kauli ya hakimu haikuhitaji mkalimani. Tunayo: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndiyo kauli iliyotumika mtu alipokataliwa posa kwa sababu ya ukoo wake. Unguja ya miaka ya 1950 ilikuwa mji ambao swali la nani katoka wapi lilikuwa limeanza kuwa swali la kura, na baadaye la damu. Katikati ya hayo wanakuja watu kutoka Vuga usiku wa sikukuu, wanakaa barazani, wanauliza kama ni kweli mtoto wa nyoka ni nyoka. Kijana anasema hakimu kamlea mwizi mwenyewe kwa kumtupa. Mzee anasema picha ni picha. Binti ndani, nyuma ya pazia, anasikiliza, na ameshaamua kwamba Rita alikuwa na haki ya kumchagua amtakaye. Wako wazee wa leo waliozungumza na watafiti wakasema waziwazi kwamba Awara iliwapa maneno ya kuzungumzia mapenzi na ndoa, mambo ambayo nyumbani hayakuwa na maneno. Picha hiyo ilirudishwa kwenye majumba miaka baada ya miaka. Kurudishwa ndiko kulikuwa nyota ya tano.

Mother India, ya mwaka 1957, nayo ilizua la kwake. Mama anayemlea mwanawe kwa jasho kwenye ardhi ya riba, mwishoni anampiga risasi yeye mwenyewe kwa sababu ameteka binti wa watu. Je, mama anaweza? Naamini hakuna darasa la maadili lililowahi kuuliza swali hilo kwa wasikilizaji wengi kiasi kile kwa usiku mmoja.

Kulikuwa na alama moja ya juu zaidi, na hii nayo haikutolewa na mtu mmoja. Wimbo wa picha ukipendwa, waimbaji wa taarab waliuchukua. Sauti ya Kihindi ilibaki, maneno yakawa ya Kiswahili, na kabla mwaka haujaisha bibi harusi alikuwa anaimbiwa kwayo. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina lake kwa sehemu kubwa juu ya sauti za namna hiyo, na wako mashabiki wake wanaojua wimbo kwa maneno yake na hawajui kabisa ulitoka kwenye picha gani. Picha ambayo hata wimbo mmoja haukuvuka kuingia harusini ilikuwa imepata sifuri.

Sambamba na hukumu hiyo ilikuwepo nyingine, ya serikali. Utawala wa Waingereza katika Afrika Mashariki uliweka bodi za kukagua picha, na swali lao halikuwa kama picha ni nzuri. Lilikuwa nani aione. Kulikuwa na picha zilizokatazwa kwa watoto, na nyingine zilizokatazwa kwa Waafrika, kana kwamba hayo mawili ni kundi moja. Hofu yao ilijulikana: mzungu akionekana mwoga, au mlevi, au akipigwa, heshima ya utawala itashuka. Badala yake serikali ilileta magari yenye mitambo ya sinema vijijini, ikaonyesha bure picha za kuosha mikono na kulima kwa matuta. Tanganyika zilitengenezwa hata picha za hadithi kwa Kiswahili. Katika moja yao, Muhogo Mchungu, anayeigiza ni Rashidi Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1962. Watu walizitazama na walicheka. Lakini sijasikia mtu aliyeweka mkono wa Idi kwa ajili ya picha ya matuta.

Mfano wa hukumu hizi mbili kugongana ni Sholay, na ulianzia India kwenyewe. Ilitolewa tarehe 15 Agosti 1975, sikukuu ya uhuru wao, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur, mzee aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anamwua Gabbar kwa viatu vya misumari. Bodi ya ukaguzi ikakataa: askari, hata mstaafu, hachukui sheria mikononi, na huyu hata mikono hakuwa nayo. Mwisho ukapigwa upya, polisi wanafika na Gabbar anakamatwa. Wajuzi wa biashara nao wakatoa hukumu yao wiki za mwanzo: imeanguka. Waliokuwa hawajasema ni watazamaji. Waliposema, ilikaa miaka 5 katika jumba la Minerva, Bombay.

Huku kwetu Sholay ilivunja sheria iliyojulikana na kila mtoto. Steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini hafi, na kwa sababu hafi unaweza kumshangilia bila wasiwasi. Katika Sholay wako wawili, na mmoja wao, Jai wa Amitabh Bachchan, anakufa mikononi mwa mwenzake. Tena aliyependwa zaidi na watoto hakuwa hata mmoja wa hao wawili, alikuwa adui. Wako watu wazima wa pwani ambao mpaka leo wanaweza kukuigizia Gabbar akicheka, na hawakumbuki jina la waziri yeyote wa mwaka ule.

Kwa wakati huo majumba yenyewe yalikuwa yamebadili mikono. Unguja yalichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968 ili kushika uagizaji na usambazaji, na mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ikafika mpaka kwenye majumba ya sinema. Hoja zilikuwapo na si zote zilikuwa za kipuuzi. Fedha nyingi zilikuwa zikitoka nje ya nchi kulipia picha za wengine. Ila kitu kimoja kilipotea bila kutajwa kwenye sheria yoyote: yule mtu aliyesimama kwenye ngazi usiku wa Idi mosi, tumbo linamchemka, akisoma nyuso za wanaotoka. Afisa hakuhitaji kuzisoma. Mshahara wake haukutegemea picha ya sikukuu, na fedha za kigeni zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1970, picha ya sikukuu ikaanza kuwa ile ile ya mwaka juzi.

Dar es Salaam bado ilikuwa na starehe yake kubwa, sinema ya magari pale Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Familia zilifika na sufuria za pilau, mikeka ikatandikwa kando ya magari, na wasio na gari wakapata njia zao. Baadaye ikafungwa. Uwanja wake leo una ubalozi wa Marekani, na eneo linaendelea kuitwa Drive-in na makondakta ambao hawakuwahi kuona picha hapo.

Kilichoyamaliza majumba ni deki ya video. Miaka ya 1980 ilianza kuingia na jamaa waliorudi kutoka Uarabuni, na baada ya ruksa ya rais Mwinyi ikaenea. Sikukuu ikahamia sebuleni kwa mwenye deki, na kwa asiye nayo ikahamia kibandani: mabenchi, pazia la gunia, jasho. Wengine huita kibanda umiza, na jina limejitosheleza.

Watu husema hapo ndipo utamaduni ule ulipokufa. Sikubaliani nao kabisa. Kibandani alizaliwa mtu ambaye majumba hayakuwa naye, msimuliaji. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyesimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, na sauti yake ikaja kuuzwa ndani ya kanda na diski. Kenya wanaye DJ Afro. Msimuliaji hatafsiri tu. Anampa adui jina la mtaani, anamcheka steringi anapofanya upumbavu, akiona sehemu imepooza anajaza yake. Ni yule jirani wa Majestic aliyekua na Wahindi, ila sasa ana kipaza sauti. Na anatoa alama, tena papo hapo, picha ikiwa inaendelea, mbele ya watu waliolipa na wanaoweza kumzomea.

Nje ya kibanda huwekwa ubao wa chaki. Majina ya picha huandikwa jinsi yanavyosikika, na pembeni mwenye kibanda huongeza neno lake: KALI, MPYA, USIKOSE. Ubao huo hufutwa na kuandikwa upya mara nyingi siku za sikukuu kuliko siku nyingine zote. Tarehe 26 Desemba hufutwa mapema. Ligi ya Uingereza haipumziki Krismasi, na mwenye kibanda anajua wateja wake, kwa hiyo picha inasogezwa mpaka saa nne usiku, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, anaandika Arsenal inacheza na nani.